Kome wa Kwanza ni wa Mjomba

Vunidamu, 4 Februari 1996

Na hapo ndipo ulipokosea, Mjomba. Ulisema pale gatini Savusavu, Jolame akipakia mikeka yangu kwenye lori, kwamba baada ya wiki tatu nitaacha kumtazama mume wangu kama mtu anayetazama picha ukutani. Leo ni wiki ya nne. Jana alikuwa anapasua kuni, shati limemganda mgongoni, nami nimesimama mlangoni na ufagio mkononi, sifagii. Mama mkwe akapita akaniambia vumbi haliondoki kwa kutazamwa. Niliona haya, lakini kesho nitasimama pale pale.

Nakunusa mashavu yote mawili kwa mbali, kama tunavyosalimiana kwetu. Kikohozi kimekwisha? Mama ameniandikia kutoka kisiwani Koro. Nguruwe mweusi amezaa saba, paa la jikoni limeezekwa upya, na wewe hujaonekana nyumbani tangu arusi yangu. Anauliza uko wapi hasa. Nami nauliza. Barua zako zinapitia dukani kwa Ramsami, lakini najua Ramsami hakukuajiri wewe kupima mchele.

Huku wote wazima. Mama mkwe, Mama Torika, ana ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Wifi yangu ana binti wa miaka mitatu, Seini, ambaye amenifanya mto wake wa kulalia. Na Jolame amenitengenezea rafu ya vitabu vyangu vya shule. Imeinama upande mmoja na vitabu vinateleza, naye huviinua kila akipita, kwa uvumilivu, kama mtu anayeinua watoto walioanguka. Mjomba, kama usingenisomesha baada ya baba kufariki, ningepata wapi maneno ya kumsifia mume kama huyu? Asante. Nitaisema tena mwisho wa barua.

Sasa jambo lenyewe. Hapa bibi arusi akitimiza wiki nne, wanawake humpeleka mtoni kuzamia kome. Kapu lake la kwanza haliliwi hapa kijijini, linapelekwa kwa mjomba wake, kaka wa mama yake. Yeye anawala, kisha anarudisha maganda, na maganda hupangwa mlangoni kwa bibi arusi. Tangu siku hiyo ni mwanamke wa kijiji. Kabla ya hapo hazamii na wenzake, hapikii wageni, anakaa upande wa mlango wa chini kama mtu aliyepita kuomba maji.

Jana walinipeleka. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi na kuvaa ua sikioni, nimejiandaa kama ninakwenda kuolewa mara ya pili. Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilizama nisione hata mikono yangu. Chini, palipokuwa pa mchanga, sasa ni uji. Nilipapasa mpaka pumzi ikaniisha, nikaibuka na kome sita, wote wameachama, ndani tope. Wanawake hawakuimba. Tulirudi kijijini, na kapu halikutumwa.

Wanasema ni katapila linalochimba kokoto za barabara huko juu, kupita Mwamba Uliopasuka. Lilianza Januari. Mimi pia niliolewa Januari. Bibi mmoja alisema jambo hilo la pili kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu bado ni machanga.

Asante kwa yote, nimesema nitarudia.

Mpwa wako,
Vasiti


Savusavu, 26 Februari 1996

Vasiti, mtoto wa dada yangu,

Salamu zimefika. Kikohozi kinakuja na kuondoka kama shemeji asiye na kazi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliruka mahali pote palipoandikwa Jolame, ikawa fupi sana. Mara ya pili nilipasoma hapo hapo tu, nikacheka mpaka wenzangu wakauliza nani amekufa akaniachia shamba.

Mwambie mama yako niko kwenye kazi za barabara. Leo hapa, kesho pale, tunalala kwenye mabanda ya bati. Chakula si kibaya. Nitakwenda Koro nikipata nafasi.

Kuhusu mto, msimu wa mvua kila mto hubadilika rangi. Subirini. Ikinyesha vizuri utajiosha wenyewe, utapata kome wako nami nitakula. Yule bibi mwache aseme, meno yamekwisha, amebakiwa na maneno.

Huo Mwamba Uliopasuka, je, una mkuyu ulioota katikati ya ufa? Nauliza tu.

Mjomba wako,
Ravuama


Vunidamu, 17 Machi 1996

Mjomba wangu mpendwa,

Ndiyo, una mkuyu katikati ya ufa. Umeujuaje? Jolame anasema labda uliwahi kupita ukiwa kijana, ukatafuta mchumba huku juu ukakataliwa. Nimemwambia mjomba wangu hajawahi kukataliwa, ila hajawahi kuuliza.

Nakunusa. Mama anakusalimu, watoto wa nguruwe wamebaki watano. Mama Torika anakusalimu pia, anasema watu wa visiwani mmezoea kuoga chumvi ndiyo maana niliogopa maji baridi wiki ya kwanza. Jolame amenisukia kamba ya kuanikia nguo na kila nguo yake anataka ianikwe karibu na yangu. Mimi nacheka, lakini naianika.

Mvua imenyesha siku tisa, Mjomba. Mto haukujiosha. Seini ametokwa na vidonda miguuni kwa kuoga, na usiku anajikuna mpaka analia. Maji ya kunywa tunayafuata kwenye chemchemi ya juu, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na Mama Torika hataki nimbebee ndoo kwa sababu mimi bado mgeni. Umri wake ni sitini na moja.

Wazee walikwenda kambini na mizizi ya yaqona, ile ya kinywaji cha heshima, wakakaa chini, wakaomba kwa utaratibu kama inavyopasa. Meneja aliipokea kwa mkono mmoja huku amesimama, akashukuru, akaiweka kando ya buti zake. Hakupiga makofi ya kupokea wala hakukaa. Wazee walirudi wakisema wamesikilizwa. Siku tatu baadaye katapila likashuka likaupita ule mwamba.

Hapo Mama Torika akasema wanaume wameshaomba, sasa wanawake watahesabu. Yeye alifika darasa la tatu. Kila Jumapili kabla ya ibada tunateka chupa moja ya mto, mahali pale pale, na mimi ninaandika tarehe kwa kuwa mwandiko wangu ni wa sekondari. Chupa tunazipanga kwenye dirisha la kanisa. Leo ni ya nne. Jua likiingia, mchungaji anahubiri na uso wa kahawia.

Leo niliteka mbili. Ya pili nimeifunga kwa majani na gunia, dereva wa lori ataifikisha kwa Ramsami. Ni yako, Mjomba. Nilitumwa mtoni nichukue cha kwanza nikuletee, na hiki ndicho mto wetu unachotoa. Sikwambii unywe. Jolame, ambaye hawezi kukaa bila utani, anasema ukiirudisha tupu tutaipanga mlangoni badala ya maganda.

Nakushukuru kwa kunifundisha kuandika herufi zilizonyooka. Sasa zina kazi.

Vasiti


Vunidamu, 2 Juni 1996

Mjomba,

Nakunusa. Ni wiki kumi na moja bila barua. Dereva anaapa kwamba chupa aliiweka mikononi mwa Ramsami. Mama naye hajasikia kitu kutoka kwako. Tunakuombea, Mama kwa sauti na mimi kimya.

Sisi wazima, isipokuwa miguu ya Seini. Dirishani kuna chupa kumi na tano. Jolame amefanya rafu ya pili, hii imenyooka.

Tarehe 20 Juni afisa wa wilaya anakuja na watu wa ardhi, mkutano utakuwa hapa kijijini. Mama Torika aliandika barua tatu kwa mkono wangu mpaka wakakubali. Lakini tuna wasiwasi. Kibali kinasema wachimbe mpaka kwenye vigingi na wasivuke. Kampuni inasema haijavuka, na ni kweli haijavuka, kwa sababu vigingi viko huku chini. Wazee wanakumbuka kwamba vilikuwa juu ya mwamba. Kumbukumbu ya mzee haina muhuri, amesema meneja.

Jumatano sisi wanawake tulipanda hadi juu kutazama. Tulisimama mbali. Dereva wa katapila alikuwa amevaa kofia ya ukili yenye utepe wa buluu. Kofia nzuri, imesukwa na mtu anayejua kusuka. Wenzangu walisogea, mimi nilibaki. Nimewaambia jua lilikuwa linaniumiza macho.

Sina zaidi.

Vasiti


Wainivatu, 9 Juni 1996

Vasiti,

Salamu kwako, na kwa mama mkwe wako, na kwa Jolame ambaye leo sikumruka.

Naandika kutoka kambini, jina la mahali umeliona hapo juu. Hapa juu mto wanauita Wainivatu. Huko kwenu mnauita Waisere. Mimi ni mtu wa kisiwani, Vasiti. Kwetu bahari ni moja na haina haja ya kuitwa mara mbili. Nilipokuja kuchimba niliambiwa jina la huku nikadhani kila jina lina maji yake. Mtu aliyezaliwa kando ya mto asingekosea hivyo.

Lakini hilo ni kosa la Januari tu. Uliponitajia Mwamba Uliopasuka nilianza kushuku, na uliponijibu kuhusu mkuyu nilijua. Nikaendelea kupanda katapila kila asubuhi. Ni kazi ya miaka sita, ndiyo iliyokulipia shule, na nilijiambia nikiondoka mimi atapanda mwingine. Hayo ni maneno ya kweli na hayakunisaidia kulala.

Chupa yako iko juu ya sanduku langu la nguo. Tope limetulia, robo nzima ya chupa. Udongo ule naujua. Ninao chini ya kucha.

Na vigingi. Wazee wako walipoondoka na adabu yao, meneja aliniambia ning'oe vigingi nivishushe. Nilivishusha mchana, saa ya chakula, mbele ya kila mtu, kwa kuwa kila mtu alikuwa anatazama sahani yake. Matundu ya zamani niliyajaza mawe ya mtoni kwa mikono yangu.

Kwetu mtoto wa dada haombi kwa mjomba wake, anachukua. Wewe hukuomba wala hukuchukua. Umeniletea tu. Ingekuwa rahisi zaidi kama ungeomba.

Kofia alinisukia mama yako. Najua ulijua.

Ravuama


Vunidamu, 7 Julai 1996

Mjomba wangu, mjomba wangu peke yangu,

Uliondoka bila kula. Nianze na hilo, kwa sababu nimekasirika na nikimaliza kukukasirikia nitalia tena, na Jolame amesema leso yake ya mwisho kavu ameshaitoa.

Nakunusa mashavu, paji la uso, na mkono uliochimba. Seini anakusalimu. Anakuita Babu Mawe.

Nitakusimulia ile siku ya mkutano kwa kuwa wewe uliinamisha kichwa na hukuona nyuso. Ulipoingia ukakaa chini kabisa, karibu na mlango, mahali pangu pa mgeni, nilikaribia kuangusha bakuli. Meneja alisema tena kwamba hawajavuka vigingi. Afisa akauliza kama kuna mwenye ushahidi. Mama Torika akaanza kuinuka aende kuleta chupa, na hapo ukavua kofia.

“Vigingi nimevishusha mimi,” ulisema. “Twendeni niwaonyeshe matundu ya mwanzo.”

Ulisema taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Meneja akauliza huyu amekuja kufanya nini kwenye mkutano wa kijiji wakati ni zamu yake. Labda hukumsikia Mama Torika, maana ulikuwa umeshatoka nje. Alisema, “Huyo ni mjomba wa mke wa mwanangu. Amekuja kuuliza kome wake wako wapi.” Watu walicheka, Mjomba, walicheka mpaka afisa wa wilaya akaficha mdomo kwa faili. Ni kicheko cha kwanza kijijini tangu nimeolewa.

Kisha tulipanda wote, na ukapiga magoti pale mwambani ukatoa mawe moja moja, na tundu likaonekana, na ndani yake kipande cha kigingi kilichokatika, bado kina rangi nyekundu. Yule bibi, yule aliyesema nimekuja na tope, alikuwa amesimama upande wa bega langu la kulia. Hakuniomba radhi. Siku ya pili aliniletea majimbi matatu makubwa na kuyaweka karibu na mlango wa chini, akaniambia nisiyapike yakawa magumu.

Sasa wameamriwa kurudi juu ya mwamba, na wachimbe bwawa la kutulizia tope kabla ya maji kurudi mtoni. Hawajafurahi. Wametafuta dereva mwingine, na dereva huyo ametusalimia wanawake kwa hofu kama sisi ndio wakubwa wake. Chupa ya leo ni ya ishirini. Bado ni chai, ila maziwa yamepungua.

Nilimwuliza Jolame kama ananionea aibu kwa ajili yako. Aliinua kwanza vitabu vilivyoteleza, nikaogopa. Kisha akasema kila mtu ana mjomba aliyekosea, ila wengi hawana mjomba aliyepanda kilima mbele ya watu kuonyesha wapi. Unaona kwa nini nasahau kufagia?

Najua kazi imekwisha. Najua nani alinilipia shule na kwa kazi gani, nami siwezi kuzitenganisha hizo mbili, kwa hiyo nashukuru zote pamoja. Ningekupikia siku ile. Lakini mpaka mjomba ale kome, sipikii wageni. Ulinikuta bado mgeni, ukaondoka ukiwa mgeni.

Vasiti


Koro, 1 Septemba 1996

Vasiti, mtoto wa dada yangu,

Wazima. Nguruwe wamebaki watatu, mimi nimekuwa wa nne, maana mama yako ananilisha bila kukoma. Siku ya kwanza hakuniuliza kitu. Siku ya pili aliniuliza kama kofia bado ninayo. Nikamwonyesha. Akaichukua, akabadilisha utepe, akanirudishia. Hatujazungumza zaidi ya hapo na imetosha.

Ninapanda viazi vikuu. Mikono imesahau jembe la mkono, lakini inakumbushwa.

Asante zako umeziandika nyingi mno. Mkono uliotoa yale mawe ndio ulioyatia. Usimfanye mtu shujaa kwa kufagia alipomwaga mwenyewe. Mshukuru mama mkwe wako na chupa zake. Bila chupa ningekuwa bado juu ya katapila, nikikuandikia habari za mvua.

Chupa yangu nimekuja nayo. Iko dirishani. Wavulana wa huku wanadhani ni dawa ya kikohozi.

Nina swali moja tu na sikuthubutu kuliuliza mapema. Maji sasa yana rangi gani?

Ravuama


Vunidamu, 6 Oktoba 1996

Mjomba,

Yana rangi ya hakuna kitu.

Nimeketi na chupa ya leo, ya thelathini na tatu, nimeiweka mbele ya kitabu cha nyimbo, na ninasoma ubeti mzima kupitia maji. Jolame alipitisha kidole chake nyuma ya chupa nikakiona mpaka kovu la panga. Nikakibusu kupitia chupa. Mama Torika akasema kanisa lina macho.

Nakunusa, na kumnusa Mama. Miguu ya Seini imepona, yamebaki madoa tu, na anaoga mpaka tunamtoa kwa kumtisha. Chupa hatujaacha na hatutaacha. Kampuni imeomba kibali kwenye kijito cha jirani, na jana wanawake wa huko walikuja kuuliza tunaanzaje. Mama Torika aliwaambia mnaanza na chupa moja na mtu mwenye mwandiko. Akaninyooshea kidole. Nilifurahi kama nimepewa cheti.

Jana pia walinipeleka mtoni mara ya pili. Sikupaka mafuta, sikuvaa ua, niliogopa kujipendekeza kwa mto. Nilizama na macho wazi. Nikaiona mikono yangu mbele yangu, Mjomba, na mchanga, na mistari midogo wanayoacha kome wakitembea. Nilipata kumi na wanne. Watatu wadogo niliwarudisha. Nilipoibuka, wanawake walikuwa wameshaanza kuimba, na yule bibi ndiye aliyeongoza.

Kumi na mmoja wako ndani ya ndoo ya maji ya mto, chini ya rafu iliyoinama, wazima, wanafungua na kufunga. Kwa desturi kapu hutumwa tu, bibi arusi habebi. Lakini Mama Torika amesema mjomba aliyeturudishia mto ataletewa kome kwa mkono, na yeye ndiye anayejua desturi, kwa hiyo sasa ndiyo desturi. Tunakuja kwa meli ya Savusavu, mimi na Jolame, ambaye hajawahi kupanda meli na anajifanya haogopi. Na kuna wa tatu, bado mdogo sana, hajulikani kama atakuwa mtu wa mto au wa bahari. Hilo nilitaka kukwambia uso kwa uso, lakini kalamu imenishinda. Atakuwa na wajomba wengi Koro, nawe utamfundisha kuchukua bila kuomba.

Mwambie Mama ateleke chungu. Ule taratibu, wote kumi na mmoja, mbele yangu, na maganda usitupe hata moja, nitarudi nayo mlangoni kwangu. Ile chupa pia nitaichukua, niiweke dirishani kanisani pale pengo lilipo, kati ya ya nne na ya tano. Tutakuwa hapo kabla mwezi huu haujaisha.

Mpwa wako,
Vasiti